Majina ya Wakwe kwenye Mlango wa Ghala

(Mbele ya ghala la uliokuwa Ushirika, Kata ya Unyamkeu. Mheshimiwa Eliana, Diwani wa Viti Maalumu na Mwenyekiti wa Kamati ya Mbegu, anapanda juu ya magunia mawili ya pumba yaliyofunikwa khanga. Anapuliza kipaza sauti cha betri. Kinalia kama mbuzi. Watu wanakaa, isipokuwa mwanamke mmoja.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika kutokana na majukumu mazito ya kitaifa yaliyomkamata pale Mtinko, mezani. Ndugu Anselm, dereva wa Mgeni Rasmi, uliyefika kwa niaba ya Mgeni Rasmi na kwa niaba ya gari lenyewe. Ndugu Mtendaji wa Kata. Baba Mchungaji pamoja na Shehe wetu, ambao leo mmekaa benchi moja na hiyo peke yake ni maendeleo. Wazee wetu mliokuja na fimbo, na wazee wetu ambao fimbo mmeziacha nyumbani kwa hiari. Wenyeviti wa vitongoji vyote sita, na wa kile cha saba ambacho bado tunabishana kama kipo. Akina mama wa Kikundi cha Alizeti, uti wa mgongo wa mafuta ya taifa hili. Wanangu wawili niliowazaa mwenyewe, Injinia Emilian aliyesimama pale mwenye tai, na Damari aliye nyuma yake. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmeona gari mkaja: nawasalimu kila mmoja kwa uzito wa cheo chake, na ambaye cheo chake nimekiruka ajue kimerukwa kwa bahati mbaya na siyo kwa sera. (Makofi.)

Wakubwa wangu, shikamooni. (Wazee: "Marahaba.") Wadogo, nimeshaitikia. (Vicheko.)

Leo, siku ile inayofuata Jumatatu, tarehe kumi na nane Novemba, mwaka elfu mbili na tatu, nimesimama hapa kutoa tamko rasmi la Kamati kuhusu uvumi unaozagaa visimani na kwenye mashine ya kusaga, kwamba sistimu yetu ya kisasa ya kutambuana ina tundu, na kwamba katika tundu hilo zimepita mbegu za watu.

Ndugu Anselm, naona umekunja uso niliposema siku. Wewe ni mtu wa mjini, ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa kitu mpaka jioni. Kwetu hapa mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akitishwa, hatamki akiwa na homa. Sasa baba mkwe wangu mimi, Mungu amlaze pema, alipewa jina la siku aliyozaliwa, na siku hiyo ndiyo iliyobanwa kati ya Jumatatu na Jumatano. Kwa hiyo tangu niolewe, mwaka wa ishirini na sita huu, wiki yangu ina siku sita na upenyo. (Vicheko.) Hata vikao vya Baraza vinavyoangukia siku hiyo mimi naviandika kuwa ni vya dharura, na hakuna aliyewahi kuniuliza. (Makofi.)

(Mwanamke aliyesimama, Rebeka mke wa Obadia, ana gunia tupu lililokunjwa kwapani. Walio nyuma yake wanamwambia anawaziba.)

Rebeka, mwanangu, kaa chini. Kiti kipo.

(Rebeka: "Nimesimama tu, Mama Emilian. Wewe endelea.")

Naendelea. Ndugu wananchi, tuko katika zama za soko huria, utandawazi na ubinafsishaji, zama ambazo kila mtu anatakiwa ajitambue, atambuliwe, na baada ya hapo atambulike. Ushirika ulipokufa, ghala hili lilibaki na panya na mizani isiyo na jiwe. Nani alilifungua? Sitaki kujitaja. (Sauti: "Wewe.") Ahsante, ni mimi. Wahisani walipokuja na mbegu mpya ya alizeti, ile fupi yenye kichwa kama ungo, walitoa sharti moja tu: pakiti moja kwa mama mmoja, na kila mama atambuliwe kwa sistimu ya kisasa ili asije mtu kuchukua mara mbili kwa jina la mwenzake. Kata nyingine zilileta daftari. Mimi nilileta mwanangu. (Makofi.)

Simama vizuri, Emilian, wakuone. Huyu mtoto alitembea akiwa na miezi tisa. Akiwa na miaka kumi aliifungua redio ya Mchungaji aitengeneze, na Mchungaji ni shahidi, kazi ile inaendelea mpaka leo. (Mchungaji anaangalia viatu vyake.) Amesoma kompyuta Singida mjini wiki tatu nzima, bila kurudi nyumbani hata kwa ajili ya nyama. Cheti chake kina mhuri, nimekitundika juu ya mlango, na mgeni yeyote akija kwangu lazima akisome kwanza ndipo apewe maji. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, tena la saba lenyewe nilikaa karibu na dirisha, lakini tumbo langu limefika mbali kuliko mimi.

Ni huyu aliyetuundia Mfumo Jumuishi wa Utambuzi wa Wakulima wa Alizeti, kwa kifupi MJUWA, ambao ni databesi yenye integresheni, monitaringi na ivaluesheni, na yenye sekyuriti ya levo ya kimataifa. Maneno hayo yote nimeyahakiki mimi mwenyewe, nikamuuliza kila moja lina maana gani, na kila moja alisema ni zuri.

(Anselm, dereva: "Samahani Mheshimiwa, bosi ameniagiza niipige picha hiyo kompyuta.")

Kompyuta iko kwenye matengenezo, Ndugu Anselm, iko sevisi, tutakupa picha ya cheti. Tusiharakishe ajenda.

Sasa niende kwenye utaratibu, maana watu wanasema tu tundu, tundu, bila kujua nyumba ilivyojengwa. Mwezi wa nane akina mama mia mbili na kumi na nne walipita kwenye dirisha lile. Kila mmoja alitoa jina lake, na baada ya hapo Injinia aliwaomba kitu kinachoitwa pasiwedi, yaani neno la siri. Aliwaelekeza kitaalamu kabisa, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nyuma yake nampepea. Alisema: mama, chagua neno moja ambalo hulisahau mpaka kufa, na ambalo huwezi kulitamka mbele ya mtu yeyote.

(Akina mama wanaanza kucheka na kufunika midomo.)

Mnacheka nini? Mlielewa kuliko wanafunzi wa mjini. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Kati ya akina mama mia mbili na kumi na nne, mia mbili na tisa waliandika kwenye kikaratasi jina la baba mkwe wao. (Vicheko, makofi.) Wanne hawajaolewa, hao waliandika mambo yao. Na mmoja, Klara, alipoulizwa neno la siri akaandika "siri." Klara, bado nakuheshimu. (Klara: "Si ndilo alilouliza?")

Nawaambia ukweli, wataalamu wa dunia nzima wanahangaika kutafuta neno ambalo binadamu hatalitamka, wanachanganya herufi na namba mpaka mtu analia, na sisi hapa Unyamkeu neno hilo tunalo tangu mabibi zetu, tena bure. Nilijivuna siku ile. Nilirudi nyumbani nikachinja jogoo.

(Mzee Masika, kutoka benchi la mbele, bila kusimama: "Sasa sema ulivyotundika majina yetu mlangoni.")

Nafika huko, baba yangu. Shikamoo tena. (Mzee Masika: "Marahaba. Fika.")

Mzee Masika, kwa faida ya Ndugu Anselm, ni baba mkwe wa Rebeka huyu aliyesimama. Mimi namtaja kwa sababu mimi siyo mkwe wake. Rebeka hamtaji, na kwa sababu ya jina hilo hata hii mvua inayokuja yeye hasemi masika, anasema majira ya maji. Ndivyo alivyolelewa na nampongeza.

Basi, baada ya uandikishaji, Kamati ilikaa, ikajadili suala la utawala bora. Sera ya nchi ni uwazi. Kila semina niliyokwenda wanasema uwazi, wanaandika uwazi ukutani kwa herufi nyekundu, unakunywa soda unaambiwa uwazi. Mimi nikasema, sistimu yetu haiwezi kuwa ya kificho wakati taifa liko kwenye uwazi. Kwa hiyo tuliandaa orodha safi, jina la mama upande wa kushoto na neno lake la siri upande wa kulia, ili kila mmoja ahakiki mwenyewe na asiyekumbuka akumbuke, tukaigongomea misumari minne kwenye mlango wa ghala. Imekaa pale miezi mitatu. Jua limeipiga na bado inasomeka. Sasa wanaosema siri ilivuja nawaomba wafute kauli. Siri haikuvuja. Ilitangazwa. (Mtendaji wa Kata peke yake anapiga makofi mawili, anaacha.)

(Mzee Masika: "Mimi nina miaka sabini na mbili. Nilikwenda kununua chumvi nikakuta jina langu limepigiliwa msumari mbele ya jina la mke wa mwanangu, kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Mkwe wangu miezi yote mitatu anapita njia ya makaburini asiuone mlango huo.")

Baba, tumelipokea. Limeingia kwenye kumbukumbu kama changamoto.

(Mzee Masika: "Liingie kama aibu.")

Liingie kama aibu, katika safu ya changamoto.

Naomba sasa tufike siku ya ugawaji, Alhamisi iliyopita, siku ya kihistoria ambayo historia yenyewe haijapata nafasi ya kuiandika. Pale dirishani palikuwa na Injinia. Nyuma yake pazia. Mbele ya pazia, juu ya meza, kile chombo chenye uso wa kioo mlichokiona wote. Mama anafika, anasema jina lake na neno lake, na sauti inatoka ndani, Imekubali, anapewa pakiti, anakwenda kwa mumewe na heshima. Tatizo dogo la kiufundi lililojitokeza ni kwamba kompyuta ile ni ya kusikia, haisomi vikaratasi, na akina mama walipofika dirishani wakaambiwa watamke, wakakumbuka neno lenyewe ni lipi.

(Vicheko virefu.)

Wa kwanza alisimama dakika kumi. Wa pili aliomba maji. Wa tatu alianza kulizunguka, akasema yule mzee wa nyumba ya mbele, mwenye koti, yule ambaye jina lake ni kama kile chombo cha kutwangia. Sauti ikasema Imekataa. Hapo ndipo ubunifu wa wananchi ulipojitokeza. Kila mama akatafuta msemaji, jirani wa nyumba nyingine ambaye mkwe huyo kwake ni mzee tu wa kawaida. Dina akamsemea Yunisi, Yunisi akamsemea Dina, wakabadilishana wakwe pale dirishani kama watu wanaobadilishana vikombe, na foleni ikaenda haraka mpaka nikaona fahari. Sisi tunaiita hiyo patisipatori apurochi, yaani njia shirikishi.

(Mzee Masika: "Eliana, nisikilize. Mkwe halisi hawezi kulitamka jina. Si ndiyo?")

Ndiyo, baba.

("Na chombo chako kinamkubali anayelitamka.")

Ndiyo, kwa usahihi mkubwa.

("Basi wote kiliowakubali, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyewe.")

(Vicheko vinaanzia nyuma. Shehe anamwambia Mchungaji kitu sikioni. Mchungaji anatikisa kichwa kukubali.)

Mzee wangu, hilo ni swali la kitaalamu, nitalipeleka kwa Injinia na atalijibu kwa maandishi. Emilian, usifute jasho kwa tai, ni ya baba yako.

Sasa niingie kwenye lile wanaloliita tatizo. Akina mama kumi na mmoja walifika dirishani na wasemaji wao, maneno yao yakatamkwa vizuri, na sauti ikawajibu: Imekwisha kuchukuliwa. Wao wanasema hawajachukua. Kamati imefanya hesabu. Kumi na mmoja katika mia mbili na kumi na nne ni asilimia tano na kitu, na hicho kitu ni kidogo sana. Katika mifumo ya kimataifa asilimia tano haihesabiki kama watu, inahesabika kama hali.

(Rebeka: "Mama, mimi ni mmoja wa hiyo hali.")

Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuambia ukae.

(Rebeka: "Obadia ameomba ruhusa kazini, reli Itigi, siku nne. Ameazima ng'ombe wa Ezekieli amelima heka mbili, amerudi. Shamba liko tayari. Kila jioni mawingu yanakuja upande wa Kilimatinde yanaangalia shamba langu lilivyo tupu. Majira ya maji yakianza sina cha kutia ardhini. Mimi sitaki tamko. Nataka pakiti yangu, mama. Kilo mbili.")

Rebeka, umeongea vizuri, na ningekuwa mama yako ningejivuna. Lakini usiseme pakiti yako imeibiwa, kwa sababu ukisema imeibiwa unasema sistimu ya Emilian ina tundu, na mimi hapa leo ninao ushahidi wa kitakwimu, ambao sikutaka kuutoa kabla Mgeni Rasmi hajafika, kwamba sistimu hii haikosei hata kidogo.

Ndugu wananchi, kabla dirisha halijafunguliwa Alhamisi asubuhi, mimi kama Mwenyekiti nilifanya jaribio. Kwenye semina ya Dodoma tulifundishwa kwamba huwezi kuzindua kitu usichokijaribu. Emilian alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikasimama mlangoni, nikaisoma orodha yetu ya uwazi kuanzia juu, nikaenda dirishani, nikasema jina, nikatamka neno. Sauti ikasema Imekubali. Nikachukua pakiti, nikaweka pembeni kama kielelezo. Nikarudi mlangoni nikasoma jina la pili. Imekubali. Nilijaribu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilikubaliwa. Asilimia mia. Kumi na moja kwa kumi na moja. Nani mwingine katika wilaya hii ana takwimu kama hizo? (Anasubiri makofi.)

(Hakuna makofi. Mtu mmoja anahesabu kwa vidole.)

Mnahesabu nini?

(Rebeka: "Mama Emilian, jina la kwanza kwenye orodha ni la nani?")

La kwanza ni la yule aliyewahi kujiandikisha kuliko wote, alikuja kabla hata hatujafagia, mama mwenye bidii kweli, ni… (Mheshimiwa Diwani anageuka kuangalia mlango wa ghala.) Ni Rebeka mke wa Obadia.

(Rebeka: "Na neno?")

Masika. Nilitamka bila shida yoyote.

(Kelele. Mzee Masika anaweka fimbo yake chini taratibu. "Kwa hiyo mkwe wangu ni wewe.")

(Vicheko vikubwa. Dina: "Mama Emilian, basi kesho mapema uje umpikie uji.")

Utaratibu, ndugu wananchi. Utaratibu. Nataka iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi nilijua kompyuta inajua kuwa ni jaribio.

(Rebeka: "Uliiambia?")

Sikuiambia. Kitu chenye akili namna ile nilidhani kinaona. Hata ile mara ya kumi na moja kilicheka kidogo, nikajua tumeelewana.

(Anselm: "Kompyuta ilicheka?")

Ilitoa mlio, Ndugu Anselm. Mlio wa kiteknolojia. Nasema hivi: pakiti zote kumi na moja ziko salama, ziko kwangu, chini ya kitanda, zimefunikwa na mkeka, na hakuna iliyofunguliwa isipokuwa moja ambayo kuku waliifungua bila idhini ya Kamati, na hiyo nitaifidia kwa pakiti yangu mwenyewe, naahidi mbele ya Mchungaji na Shehe. Mimi siyo mwizi. Mnanijua. Ni nani kati yenu hajala kwangu?

(Sauti kadhaa: "Tumekula." Mzee Masika: "Hilo ni kweli, tumekula.")

Ahsanteni. Hata hivyo zile sasa ni vielelezo, na kielelezo hakirudishwi mpaka ripoti iandikwe, ipigwe chapa, isomwe na Mgeni Rasmi, airudishe na maoni, tuyajibu maoni, ndipo zitoke kwa barua. Makadirio ya haraka ni wiki sita.

(Rebeka: "Wiki sita alizeti ya wenzangu itakuwa magotini.")

(Watu wananung'unika. Mzee Masika anaokota fimbo yake.)

Jamani, tusifike huko. Tunamalizia. Nikisema MJUWA, ninyi mnaitikia anajua. MJUWA.

(Kimya.)

Alizeti, mnaitikia mafuta. Alizeti.

(Jogoo anawika nyuma ya ghala. Klara: "Mafuta," kwa huruma.)

Ahsante, Klara. Siri yako itatunzwa.

Kabla sijashuka niwashukuru wote waliofanikisha mradi huu mkubwa, maana mimi sikulelewa kutoka kwenye sherehe bila kuaga. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kutuazima lile kasha la televisheni iliyopigwa na radi, ambalo lilikaa pale mezani na uso wake wa kioo likatupa hadhi. Nawashukuru akina mama wa kwaya kwa pazia. Namshukuru Emilian, aliyesema tangu mwanzo kwamba kompyuta yenyewe hatuna, na umeme wa kuiwashia hatuna, na kwamba kwenye ile kozi walikuwa watu ishirini na mashine moja na yeye aliishika siku mbili. Lakini mimi nikamwambia mwanangu, cheti unacho, kompyuta ni kitu kidogo. Na kwa namna ya pekee kabisa, naomba mtu ampigie makofi, namshukuru binti yangu Damari, mke wa Gervas, ambaye siku nzima alikaa nyuma ya pazia lile kwenye joto, na daftari la kurasa mia mbili na kalamu moja, bila kula, bila kutoka hata kwenda msalani, akiwa ndiye kompyuta.

(Anselm anafunga kifuniko cha kamera.)

Mbona mmenyamaza? Sauti mliipenda wote. Mlisema ina Kiswahili kizuri.

(Mzee Masika: "Damari, mjukuu wangu. Sauti ya mama yako uliijua?")

(Damari, kutoka nyuma ya Emilian: "Niliijua, babu. Mara zote kumi na moja.")

("Na ukasema Imekubali.")

("Sasa nimwambie mama yangu mzazi Imekataa? Wewe ungeweza?")

(Vicheko vinavyopasua uwanja. Mzee Masika naye anacheka mpaka anakohoa. Shehe anampiga Mchungaji begani. Emilian amekaa chini, amefunika uso kwa tai.)

Mwanangu Damari, hilo tungeliongea nyumbani.

(Rebeka hacheki. Anakunjua gunia lake. "Damari. Kama kompyuta ni wewe, mashine ya kuandikiwa ripoti haipo.")

("Haipo.")

("Na wewe mimi unanijua?")

("Rebeka, si wewe uliyenikatia kitovu cha mtoto wangu wa pili?")

("Basi nitambue.")

(Damari anatoka nyuma ya kaka yake, anamshika Rebeka mkono, wanaanza kushuka njia ya nyumbani kwa Mheshimiwa Diwani. Akina mama wengine kumi wanainuka, wanajifunga khanga viunoni, wanawafuata. Halafu Dina. Halafu Klara, ambaye pakiti yake alishaipata, lakini anataka kuona.)

Naomba tuzingatie itifaki. Akina mama. Sijafunga kikao. Kikao kisichofungwa kinaendelea kisheria popote mlipo, kwa hiyo huko mnakokwenda mjue mko kikaoni. Ndugu Mtendaji, wewe angalau kaa. (Mtendaji anainuka.) Baba Mchungaji. (Mchungaji na Shehe wanainuka pamoja.) Ndugu Anselm, wewe ni Mgeni Rasmi, huwezi kuondoka kabla hujashukuriwa.

(Anselm: "Mheshimiwa, nitawabebea pakiti kwenye gari. Yule dada shamba lake liko mbali.")

Basi na wewe nakushukuru, kwa niaba yako.

(Kwa mbali, upande wa Kilimatinde, ngurumo. Rebeka anaharakisha.)

Rebeka. Rebeka, mwanangu, chukua yako ya kwanza, iliyo upande wa ukutani, ndiyo kavu kuliko zote. Na umpe Klara ile khanga yako nzuri akushikie, mbwa wetu kamba yake imelegea na yule hatambui mtu, hata mimi ananing'ata nikibadilisha viatu. Emilian, inuka mwanangu, kimbia ukamshike mbwa, angalau hiyo kazi umeisomea tangu utoto. Mzee Masika, taratibu na fimbo, baba, kuna shimo hapo mbele. Dina, mchukulie mzee mkono, wewe siyo mkwe wake.

Halafu msivunje mlango, jamani. Nisubirini. Ufunguo ninao mimi.

(Anashuka kwenye magunia, anawakimbilia. Kipaza sauti kimebaki kimewaka.)